Bangili za bibi, bahasha za noti na milioni 9 mkononi

Msomaji wa Tanga ameandika:

"Shikamoo mwalimu. Nina duka dogo la vitenge na khanga hapa Ngamiani. Bibi yetu alifariki mwezi wa sita 2025, na tulipofungua sanduku lake tukakuta dhahabu na bahasha za noti. Baada ya mirathi kugawanywa na shamba la michungwa la Muheza kuuzwa, fungu langu ni bangili mbili, mkufu mmoja na shilingi milioni 9 taslimu. Zile noti za kwenye bahasha, kama milioni 1 na laki 1, benki wamezikataa. Mjomba anasema pesa yote niigeuze dhahabu, kwamba dhahabu ndiyo mali na pesa ni makaratasi. Mume wangu anasema benki. Shoga yangu anasema niongeze hisa kwenye kikoba. Na hapohapo tajiri wangu wa Kariakoo ananipa mzigo kwa mali kauli: wa milioni 3 taslimu ananiandikia milioni 3 na laki 2, namlipa baada ya miezi miwili. Mali hasa ni nini, na niiweke wapi isipotee?"

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu bibi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani umeuliza swali moja, kumbe yako matatu kwenye furushi moja: mali ni nini, nani anapanga thamani yake, na inalindwaje. Yakichanganywa, washauri wako wote wanakuwa sahihi na wewe unabaki umesimama njia panda. Nitakujibu kama tuko barazani, kwa hiyo usitegemee mpangilio wa darasani.

Nianze na bahasha, maana hizo ndizo zinazouma. Mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuziondoa noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, zile za shilingi 20, 200, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010. Wananchi wakapewa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025 wakazibadilishe. Bibi kafariki mwezi wa sita. Noti zake zilimtangulia kwa miezi miwili. Waliokukatalia benki hawakukuonea. Na nikuonye mapema: atakuja mtu, kama hajafika tayari, atakayesema ana ndugu yake "ndani" wa kuzipitisha kwa ada kidogo. Ukimpa hiyo ada umeongeza hasara juu ya hasara. Tunza noti moja ya kumbukumbu, zilizobaki waachie watoto wachezee duka.

Hamko peke yenu. Kenya noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilipewa kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Septemba 2019, na muda ulipoisha zaidi ya noti milioni 7 hazikuwa zimerudi. Lengo lilikuwa kuwabana wenye magunia ya pesa wasiotaka kuulizwa wamezitoa wapi. Lakini sidhani kama zote zilikuwa zao. Masanduku kama la bibi yako yapo kila mahali.

Sasa litazame hilo sanduku vizuri, maana jibu langu lote limo ndani yake. Dhahabu na noti zimelala humo pamoja, chini ya kufuli moja, miaka na miaka. Hakuna aliyeiba wala hakuna kilichooza. Kufunguliwa, kimoja ni mali na kingine ni picha. Karatasi haikuchakaa na wino haukufutika. Kilichokufa ni ahadi iliyokuwa imesimama nyuma yake. Noti inapokelewa dukani kwako kwa sababu unaamini kwamba tajiri wa Kariakoo ataipokea kwako, naye anaamini benki itaipokea kwake, na mwisho wa mnyororo huo yuko mwenye muhuri. Siku mwenye muhuri akisema basi, basi. Kwa hiyo mjomba ana haki nusu. Pesa si mali yenyewe, ni haki ya kudai mali kwa wengine.

Ukitaka kuona ahadi zinavyokuja na kuondoka, sikiliza tu maneno tunayoyatumia. Pesa tumeitoa kwa Wahindi. Sayyid Barghash alitengeneza pesa zake za shaba Zanzibar mwaka 1882, zikiwa na picha ya mizani. Rupia nayo ya Kihindi. Hela ni ya Wajerumani: kuanzia 1904 rupia yao ya Afrika Mashariki iligawanywa kwa heller 100. Shilingi ikaletwa na Waingereza mwaka 1921, na shilingi yetu wenyewe ikaanza 1966. Kila moja ilikuwa pesa halali siku yake, na watu waliificha kwenye vibuyu na masanduku kama kawaida. Majina yamebaki midomoni. Ahadi zimekwenda na wenyewe.

Lakini mjomba asifurahi mapema, kwa sababu "mali halisi" nayo hufa. Mwambie habari za kauri, wale kombe wadogo wa pwani ambao wengine huwaita simbi. Afrika Magharibi kauri walikuwa fedha kamili kwa karne nyingi: ulitolea mahari kwa kauri, ulinunulia kitambaa, ukalipia faini. Walitoka mbali, visiwa vya Maldives, na umbali huo ndio uliowapa thamani, kwa sababu hakuna mtu wa kule aliyeweza kutoka asubuhi akaokota pesa ufukoni. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, hasa nyumba ya O'Swald iliyofungua ofisi Zanzibar mwaka 1849, wakagundua kwamba pwani yetu hii ina kauri wa jamii ya jirani, wakubwa kidogo, wanaookotwa kwa bei ya bure. Wakajaza meli. Kule Lagos na Dahomey (Benin ya leo) kilichokuwa kikinunuliwa kwa mfuko mmoja kikawa kinahitaji mifuko, na mwisho kubeba kauri sokoni ikawa kazi ya mpagazi. Watu hawakuibiwa hata kauri mmoja. Walikuwa nao wote, na wote hawakufaa kitu.

Chungwa la Muheza linakueleza jambo hilohilo bila meli. Msimu ukipamba moto, pale barabarani machungwa yamejaa kwa viroba na muuzaji anakukimbilia yeye. Chungwa lilelile likifika Dar es Salaam mwezi usio wake, wewe ndiye unayemfuata muuzaji. Utamu haukuongezeka njiani. Kilichobadilika ni wangapi wanalo na wangapi wanalitaka, pale na siku ile. Soko ndiyo hilo tu. Halina huruma na jasho lako, wala halijali ulinunua kwa shilingi ngapi. Watu wengi wa biashara wanalijua hili kwa bidhaa zao, lakini wakifika kwenye dhahabu na viwanja wanalisahau, wanadhani vile vitu vina thamani ndani yake kama punje ndani ya ganda.

Dhahabu ina jambo moja linaloitofautisha na kauri. Ile yote iliyokwisha kuchimbwa duniani tangu binadamu aanze kuchimba ni zaidi ya tani 200,000, na migodi yote kwa pamoja inaongeza kama tani 3,500 kwa mwaka, yaani chini ya asilimia 2. Hakuna meli ya Hamburg inayoweza kuja ghafla na shehena ya kuimwaga. Wala haihitaji muhuri wa mtu kuendelea kuwa dhahabu. Ndiyo maana bangili za bibi zimefika kwako zikiwa hai.

Hata hivyo, "haipotezi thamani" ni maneno ya wauzaji. Januari 1980 wakia moja ya dhahabu, ambayo ni kama gramu 31, ilifika karibu dola 850. Mwaka 1999 ilikuwa karibu dola 250. Mtu aliyeingia kileleni alikaa miaka 19 akiitazama ikishuka. Hapa kwetu hesabu inageuka kidogo, na ndipo utaona bibi hakuwa mjinga. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa kama shilingi 8 kwa bei rasmi. Mwaka 1999 ilikuwa zaidi ya 700. Kwa hiyo wakia iliyogharimu kama shilingi 6,800 ilipata kama shilingi 175,000, na hiyo ni dhahabu iliyonunuliwa siku mbaya kuliko zote. Aliyeweka noti za shilingi 6,800 alibaki na shilingi 6,800. Tena bei za vitu katika miaka ile zilipanda hata kuliko dhahabu, kwa hiyo dhahabu haikumtajirisha mtu. Ilimzuia tu asifutike. Miaka ya themanini mfumuko wa bei ulikuwa ukizunguka asilimia 30 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo bei zinajizidisha mara mbili kabla miaka 3 haijatimia. Maduka yalikuwa matupu, foleni za sukari, na mwanamke wa pwani alijua kwamba bangili mkononi ni yake, talaka ije, mume afe, serikali ibadilike. Ilikuwa benki yake, bima yake na kinga yake. Usimcheke mtu aliyefikia uamuzi sahihi kwa zama zake.

Zama zako si zile. Mfumuko wa bei wa miaka hii unachezea asilimia 3, kiasi kwamba pesa inachukua zaidi ya miaka 23 kupoteza nusu ya nguvu zake. Bado inapotea, lakini kwa kutambaa. Na dhahabu nayo imeshapanda sana: Machi 2025 ilivuka dola 3,000 kwa wakia, Oktoba mwaka huohuo ikavuka 4,000. Mjomba anataka ununue kwa sababu imepanda. Sababu hiyohiyo walikuwa nayo wale wa Januari 1980. Sisemi itashuka, maana ningejua ningekuwa nakuandikia kutoka kwenye jumba langu Dubai. Nasema tu kwamba kuweka milioni 9 zote mahali pamoja, kwenye kitu kisichozaa hata senti kwa mwaka, kwa bei ya juu namna hii, ni kucheza kamari kwa heshima.

Kuna jambo jingine la dhahabu ambalo utalijua tu siku ya kuuza. Mwaka juzi nilimsindikiza dada yangu kwa sonara kuuza bangili. Mzani mdogo wa ndani ya kioo, wa kwanza, ukasoma gramu 21.9. Sonara akaisugua kwenye jiwe jeusi, ukabaki mstari wa njano, akaudondoshea asidi na mstari ukakaa palepale. Dhahabu nzuri hiyo. Ndani ya bangili kulikuwa na muhuri wa 875, maana yake kareti 21: kwenye kila sehemu 1,000, 875 ni dhahabu na zilizobaki ni shaba, fedha na mengineyo. Akataja bei. Dada akashusha pumzi, maana ilikuwa mbali na aliyonunulia. Aliponunua alilipa dhahabu pamoja na ujira wa sonara na faida ya duka. Alipouza ujira haukuhesabiwa, hata ungechongwa nakshi za ajabu. Tukashukuru, tukatoka, tukaingia duka la pili mtaa uleule. Mzani ukasoma 22.4. Nusu gramu imeokotwa barabarani! Sitaki kumtuhumu mtu, mizani huharibika, lakini toka siku hiyo mimi sipimi dhahabu mahali pamoja.

Kwa hiyo kabla hujaamua lolote, zipime zako. Tafuta muhuri ndani kabisa karibu na kifungio: 916 ni kareti 22, 875 ni 21, 750 ni 18, 375 ni 9. Zidisha gramu kwa namba hiyo, gawa kwa 1,000, umepata dhahabu safi iliyomo. Bangili ya gramu 40 ya kareti 21 ina gramu 35 za dhahabu safi. Ya kareti 9 ina 15 tu, na zote zinang'aa vilevile harusini. Kama mkufu una vito vya rangi, vinatolewa kwenye uzito.

Tuje kwa mumeo. Benki inayo faida ambayo sanduku halina: mwizi akivunja nyumba yako haondoki na salio lako, na noti ikibadilishwa sura wewe hupati habari, kwa sababu kilichoko kule ni namba yenye jina lako. Ila usidhani pesa yako imekaa stoo ikikusubiri. Sehemu kubwa imekopeshwa kwa wengine. Wewe umeikopesha benki. Wanaosimama nyuma yake ni wawili: benki yenyewe, na ikianguka, Bodi ya Bima ya Amana. Tangu 2023 kinga ya Bodi ni hadi shilingi milioni 7 na nusu kwa mteja katika benki moja. Kabla ya hapo ilikuwa milioni 1 na nusu, na Januari 2018, benki tano zilipofutiwa leseni kwa mpigo, wenye zaidi ya hapo waliambiwa wangoje ufilisi. Una milioni 9. Ukiziweka zote kwenye benki moja, milioni 1 na nusu iko nje ya mwavuli. Benki mbili, na limekwisha.

Simu nayo ni pochi nzuri, basi. Ya matumizi ya wiki iweke huko, si mtaji. Kampuni za simu zinatakiwa kuhifadhi pesa za wateja benki kwenye akaunti maalumu, kwa hiyo hofu yangu haiko kwa kampuni. Iko kwa yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na kwa mtoto anayejua namba yako ya siri.

Kikoba cha shoga yako sikidharau. Nimeketi kwenye vikao vya namna hiyo: sanduku la chuma katikati, kufuli tatu, funguo zimeshikwa na akina mama watatu wasiokaa nyumba moja, na pesa zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Ulinzi huo baadhi ya ofisi hazina. Lakini uliza ile faida nono ya mwisho wa mwaka inatoka wapi. Inatoka kwenu. Ni riba ya mikopo mnayokopeshana wenyewe, na kama nusu ya wanachama wana meza hapohapo sokoni, msimu mbaya ukija unawakuta wote siku moja, wakopaji na wenye akiba. Angalia kama kimesajiliwa kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, na weka kiasi ambacho kikichelewa hutalala njaa. Kikoba kinachoahidi faida bila kukopesha mtu wala kufanya biashara yoyote si kikoba tena, ni upatu. Waliopanda mbegu, yaani kuweka pesa zao, kwenye upatu wa DECI kabla serikali haijauzuia mwaka 2009, wengi walikuwa wanasala sana na wanajua kuhesabu. Walilipwa mwanzoni kwa pesa za waliofuata, na malipo yale ya mwanzo ndiyo yaliyowaponza.

Sasa nifike mahali ambapo, kwa maoni yangu, fedha yako iko kweli, na umelitaja kama jambo la pembeni. Mali kauli. Mzigo wa milioni 3 unaandikiwa milioni 3 na laki 2 kwa miezi miwili. Laki 2 hiyo ni ada ya kukopa milioni 3, karibu asilimia 7, ndogo machoni. Ila mwaka una miezi miwili mara sita. Unamlipa tajiri milioni 1 na laki 2 kila mwaka kwa sababu tu huna milioni 3 siku ya kuchukua mzigo. Hiyo ni asilimia 40. Milioni 3 hizohizo kwenye hatifungani, yaani mkopo unaoipa serikali kwa riba, inayotoa, tuseme, asilimia 12 na nusu, zitakupa laki 3 na elfu 75. Hakuna dhahabu, benki wala kikoba halali kitakachokulipa asilimia 40 kwa uhakika. Tajiri wako anakulipa hizo siku utakapoacha kumkopa. Wachumi wana jina la hili, gharama ya fursa: kila shilingi uliyoiweka hapa, hesabu ilichoacha kukuletea kule.

Nina tahadhari moja. Muulize tajiri kama anapokea vitenge visivyouzika virudi. Kama anapokea, sehemu ya ile laki 2 ni bima dhidi ya maua yaliyopitwa na wakati, na si riba tupu. Utaamua kama bima hiyo ina thamani ya bei yake. Wala usimkate ghafla. Nunua taslimu mzigo unaojua utatoka, yale maua ya kubahatisha endelea kuchukua kwa mali kauli. Uhusiano na tajiri ni mali vilevile, hata kama hauingii kwenye mzani.

Nimetaja hatifungani, niieleze kwa ufupi. Unaikopesha serikali kwa miaka maalumu, kuanzia miaka 2 hadi 25, kuanzia shilingi milioni 1, inakulipa kila baada ya miezi sita, na mwisho inarudisha ulichokopesha. Unanunua kupitia benki au wakala wa soko la hisa. Ukihitaji pesa katikati unaiuza kwa mwingine kwa bei ya siku hiyo, na bei hiyo hupanda na kushuka kama machungwa: mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 25 ilishushwa kutoka karibu asilimia 16 hadi kama 12 na nusu, na wenye zile za zamani wakajikuta wameshika kitu kinachogombewa. Riba zikipanda, mambo huwa kinyume. Kama moyo wako hautaki riba, na Tanga wengi ni hivyo, kuna benki na madirisha yanayofuata sharia, na sukuk, yaani hatifungani za namna hiyo zisizo na riba, zimeanza kutolewa nchini. Muulize shehe unayemwamini, mimi ni mtu wa hesabu. Kuhusu zaka, kipimo cha dhahabu kinachotumika sana ni gramu 85, na kama vito vya kuvaa vinahesabiwa humo au la, huko wanazuoni wamegawanyika.

Kiwanja hukukitaja na nimefurahi. Ni mali nzuri kwa asiyekuwa na haraka na mwenye hati mkononi. Ila kukiuza kwa siku mbili ukiwa na mgonjwa hospitali ni kukigawa.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Milioni 3 mzigo wa taslimu. Milioni 2 akaunti ya benki kwa dharura, usiiguse kwa harusi wala kwa rangi ya duka. Pima kama inatosha miezi mitatu ya nyumba yako, isipotosha iongeze. Milioni 3 hatifungani au mfuko wa pamoja, ule unaokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza kwa niaba yao, utakachokielewa wewe mwenyewe bila kutafsiriwa na dalali. Laki 5 kikoba, kwa sababu mkopo wa haraka kutoka kwa wenzako siku ya shida una thamani yake. Laki 5 iliyobaki iache kwanza, mwezi haujawahi kupita bila jambo. Dhahabu ya bibi usiuze, huna shida ya kukulazimisha, na usiongeze. Hiyo ndiyo sehemu yako isiyohitaji ahadi ya mtu.

Na namna ya kuilinda. Kabatini chini ya nguo, ndani ya gunia la mchele, nyuma ya picha ukutani: wezi walikwenda shule moja na sisi. Uliza benki kubwa za mjini kama zina visanduku vya kukodi, na usome vizuri mkataba unasemaje kuhusu vilivyomo ndani. Kama utakaa nazo nyumbani, basi sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani, na watu wasilione. Dukani usilaze pesa. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, moto haukuuliza nani kauza vizuri wikiendi ile. Dhahabu safi ingalau huyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 1,000, noti inahitaji kibiriti.

Kisha chukua daftari. Andika kila kipande, gramu zake, muhuri wake, piga picha kwenye karatasi nyeupe pamoja na rula. Andika akaunti zote, namba ya hatifungani, deni la tajiri, hisa za kikoba. Nakala moja kaa nayo, nyingine mpe mtu mmoja atakayekuwa hai na mwaminifu, ikiwa ndani ya bahasha iliyogundishwa. Nafikiria laiti mjukuu mmoja tu angejua bibi ana bahasha zile, Machi 2025 angezibeba benki na mngegawana milioni 1 na laki 1 badala ya kuzitazama. Siri ile haikumlinda na mwizi yeyote.

Jumatatu nenda kwa masonara wawili, wa mitaa tofauti, halafu niandikie gramu ulizopata tuone mizani ya Tanga ikoje. Mumeo mpe asome mwenyewe. Mjomba msomee wewe, na ile sehemu ya kauri usiiruke.